Katuni ililipua mlima, mwanangu halali tena

Shangazi, jambo.

Nakuandikia saa nne za usiku zimeshapita na kitinda mimba wangu ameamka mara ya pili. Ana miaka minane. Hii ni wiki ya tatu.

Tunakaa Ndosho, hapa Goma, nyumba ya mbao yenye vyumba viwili na sebule. Jumamosi moja papa wao alirudi na flashi ya filamu kumi na mbili, kawekewa kwenye kibanda kimoja cha Birere. Mojawapo ilikuwa katuni. Usinidhanie mzembe, Shangazi, niliuliza kwanza. Kijana wa kibanda alikuwa amesema ni ya watoto. Shemeji yangu aliyeko Ubelgiji naye akaniandikia kwa WhatsApp kwamba kule hata watoto wadogo wanaingia sinema kuiona. Basi nikawawekea, nikaenda jikoni kusonga foufou. Samaki wa sambaza hawajaiva nikasikia kilio ambacho hakikuwa cha watoto wanaogombana.

Kumbe katikati ya hadithi mlima wa kisiwa hupasuka, moto unateremka, wanyama wanakimbilia majini. Nilimkuta chini ya meza, amejikojolea.

Mwezi wa tano mwaka 2021 alikuwa na miaka mitatu. Usiku ule Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulipotoka nilimfunga mgongoni tukaufuata umati barabara ya Sake, anga nyuma yetu ni nyekundu. Tangu hapo hajawahi kuuliza wala kusimulia, tukajua hakumbuki. Sasa kila jioni anatoka uani kuangalia kama juu ya mlima kuna wekundu.

Hayo ni ya mdogo. Wa kwanza ana miaka kumi na minne na anatoroka kwenda banda la video, kule wanakoweka filamu za vita zilizotafsiriwa, mtu anaongea juu ya picha. Mwezi wa kwanza 2025 tulilala sakafuni, risasi zinapita juu ya mabati. Nilidhani baada ya siku zile hatataka kuona bunduki tena maishani. Ndiyo kwanza anazitafuta. Wa katikati, msichana wa miaka kumi na moja, anatazama tamthilia za mapenzi na mdogo wangu kila jioni, na ameanza kuongea kama wale wanawake.

Papa wao anasema ninawadekeza. Yeye alikua na filamu za karate na hakufa. Usiku anaweka filamu zake sebuleni, na ni palepale wavulana wanapolala kwenye godoro. Mama mkwe ndiye ananitisha zaidi. Anasema mtoto anayepiga kelele usiku hana shida ya filamu, kuna kitu kimemwingia, na anataka tumpeleke chumba cha maombi akafungishwe siku tatu.

Nifanyeje nijue filamu inafaa kabla sijaiweka? Kwenye dekoda ya Canal naona kinamba kidogo pembeni, 10, 12, 16. Nani anakiandika, na nikiamini? Au niuze televisheni tuishi kwa amani?

Mama wa Watatu, Ndosho

*

Mama wa Watatu,

Televisheni usiiuze. Huyo wa kumi na minne utampa sababu ya kuhamia banda la video moja kwa moja.

Nianze na usiku wa leo, kwa kuwa leo pia ataamka. Akiamka usimweleze kitu. Wazazi wengi tunakimbilia maneno: "ni picha tu, si ya kweli, angalia, mlima umetulia." Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, Joanne Cantor, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi watoto wanavyoogopeshwa na filamu na televisheni, na moja ya mambo aliyoyaona ni kwamba kwa watoto wadogo maneno hayafanyi kazi kubwa. Kinachowatuliza ni mwili: kushikwa, maji ya kunywa, blanketi, kitu anachokipenda mkononi. Wakubwa ndio wanaotulizwa kwa maelezo. Wako ana minane, yuko mlangoni kati ya hao na hawa, na katikati ya usiku kila mtoto hurudi kuwa mdogo. Mshike, mpe maji, acha taa ndogo kama umeme upo, kaa naye.

Maneno ni ya mchana. Na mchana usimwambie kwamba mlima hautatoka tena, maana atakapojua historia ya mji wake atajua ulimdanganya. Umetoka 1977, ukatoka 2002, ukatoka 2021. Mtoto wa Goma haogopi zimwi, anaogopa jirani yake. Kwa hofu ya kitu cha kweli dawa ni mpango wa kweli. Mwambie kuna watu wa kituo cha uchunguzi wa volkano hapa mjini ambao kazi yao ni kuufuatilia mlima. Mwambie siku ikitokea nani atamshika mkono, mtapita njia ipi, mtafikia kwa nani, na kaka yake atabeba nini. Kisha mwache asimulie yeye, au achore. Mlidhani hakumbuki kwa sababu hakuwa na maneno. Sasa katuni imempa picha, na picha imeleta yote. Mwambie na wewe uliogopa usiku ule. Pengine hajawahi kusikia mtu mzima wa nyumba hiyo akilisema hilo.

Wiki tatu ni nyingi, lakini kwa mtoto aliyeupita moto ule si ajabu. Kama mwezi ukiisha na bado anaamka hivyo, au ameacha kula, kucheza, au kwenda shule, muulize muuguzi wa kituo cha afya cha kwenu, au nendeni Tulizo Letu, kile kituo cha afya ya akili cha hapa Goma. Najua watu wanasema pale ni pa wendawazimu. Waache waseme.

Chumba cha maombi, hapana. Hapa sitapima maneno, mama. Kuomba ombeni, nyumbani, pamoja naye, hakuna anayewakataza. Lakini kumfungisha mtoto wa miaka minane chakula siku tatu kwa sababu aliona mlima ukiwaka kwenye katuni, na kumweka mbele ya watu watakaomtafutia kilichomwingia, ndiko watoto wengi wa nchi hii walikotokea wakiwa wameitwa wachawi. Mtoto anaingia na hofu ya lava, anatoka na hofu ya nafsi yake. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumsingizia mtoto uchawi na inaadhibu anayefanya hivyo. Mama mkwe usimjibu kwa sheria lakini, utaleta vita nyumbani. Mjibu kwa 2021. Muulize yeye mwenyewe usiku ule alikuwa wapi, alikimbilia wapi, aliona nini. Mwache azungumze, na mtoto awe karibu anasikiliza. Bibi anayesimulia alivyokimbia hana tena haja ya kumtafutia mjukuu pepo.

Sasa kile kinamba.

Zile alama za Canal, 10, 12, 16, 18 zenye alama ya kutoa mbele, zinatoka Ufaransa. Mfumo wenyewe umekuwepo kwenye televisheni zao tangu 1996, namba hizi zikaja baadaye. Chaneli yenyewe ndiyo inayoipanga filamu yake, chini ya jicho la mamlaka ya Ufaransa inayosimamia utangazaji, Arcom. Kutoa 10 maana yake haishauriwi kwa walio chini ya miaka kumi. Kwa filamu za sinema kule kuna kamisheni, na ile isiyo na shida kwao inaandikwa "tous publics", watazamaji wote.

Marekani wana herufi, mfumo wao ni wa 1968: G, PG, PG-13, R, NC-17. Wanaopanga ni wazazi wa huko, wanakaa California, wanatazama filamu na kupiga kura. PG-13 haikuwepo mwanzoni. Iliongezwa 1984 baada ya wazazi kulalamika kwamba filamu mbili za kiangazi kile zilikuwa za kutisha mno kwa PG na hazijafikia R. Nakusimulia hili ujue kwamba alama hizi hazikushuka mbinguni. Mama mmoja alilalamika kama unavyolalamika wewe, akaja mwingine na mwingine.

Na hawakubaliani wao kwa wao. Ile filamu ya mfalme wa Uingereza mwenye kigugumizi, The King's Speech ya 2010, Wamarekani waliipa R, yaani chini ya miaka kumi na saba asiingie bila mzazi, kwa sababu ya matusi anayoyatoa mfalme akifundishwa kusema. Ufaransa filamu hiyohiyo ikawa tous publics. Neno moja linalomtia Mmarekani jasho Mfaransa analisikia akinywa kahawa yake. Kwa hiyo ukiona namba, uliza kwanza ni namba ya nani na yeye anaogopa nini.

Wabelgiji, alikoenda shemeji yako, tangu Januari 2020 wana mtindo ninaoupenda kuliko mingine. Wanaandika umri na pembeni wanachora sababu: ngumi kwa ukatili, buibui kwa vitu vya kuogofya. Mtumie shemeji ujumbe, mwambie siku nyingine asikutajie umri peke yake, akutajie na michoro. Kwa mwanao, buibui ana uzito kuliko namba. Lakini hata buibui hajui kwamba kuna mji ambako watoto wa miaka mitatu walibebwa mgongoni kuikimbia lava. Aliyeipanga ile katuni aliona mlima wa rangi unaolipuka na wanyama wanaookoka, akasema wadogo waingie. Hakukosea kwa watoto wake. Namba inakuambia kilichomo kwenye filamu. Kilichomo ndani ya mtoto unakijua wewe, na kwa watoto wa Goma hicho ndicho chenye uzito.

Ndiyo maana kabla ya kuiuliza filamu, mjue mtoto kwa jina la hofu yake. Mdogo: moto, mlima, kukimbia usiku, mama kupotea kwenye umati. Filamu yoyote yenye kimojawapo, hata ikiwa na sungura wanaoimba, unaiona wewe kwanza. Kinyume chake pia kipo. Inaweza kuwa na joka la vichwa saba na alama ya 12, naye akacheka tu, maana joka hajawahi kukutana nalo.

Kuiona kwanza si lazima ukae saa mbili, najua siku yako ilivyo. Ukiwa na megabaiti chache kuna kurasa za maandishi tu, hazili data kama video. IMDb, kwa kila filamu kubwa, ina ukurasa wa wazazi ambao watazamaji wenyewe wanaandika mapenzi yaliyomo, damu, matusi, pombe, na vitisho, kila kimoja mahali pake. Common Sense Media, shirika la Marekani la tangu 2003, linatoa umri wake na maelezo marefu zaidi. Ni Kiingereza, lakini simu inatafsiri vya kutosha kukuonyesha neno "volkano". Hilo ungeliona kwa dakika mbili. Usiamini tangazo la filamu, lile la dakika mbili lenye muziki, hilo limekatwa kukuuzia. Na usiamini picha ya mbele ya katuni. Mdudu akitabasamu kwenye picha haimaanishi mama yake hafi dakika ya kumi. Waandishi wa katuni wana tabia ya kumuua mama mapema, sijui kwa nini wanatuchukia.

Flashi ndiyo shida kubwa kuliko yote. Filamu ikishapita kwenye kibanda inavuliwa alama zote. Hakuna kinamba, hakuna buibui, mara nyingine hata jina si lake. Kijana wa kibanda akisema "ya watoto" maana yake ni ya kuchorwa, na zipo katuni za kuchorwa za watu wazima kabisa, hasa za Japani. Dekoda ina kodi ya wazazi, yaani namba ya siri ya kufungia, iweke, ingawa huyo wa kumi na minne ataijua kabla ya Jumapili. Flashi haina kodi. Kwa hiyo mkubaliane na papa wao: flashi ikiingia nyumbani, haichomekwi watoto wakiwepo mpaka mmoja wenu amepitia majina na kufuta yasiyofaa.

Na za kutafsiriwa ni filamu mbili katika moja. Picha ni za Marekani au China au India, lakini anayeongea juu yake ni mtu wa huku kwetu, iwe kwa Kiswahili au Kinyarwanda, na anaongeza yake: matusi, vichekesho vya wanawake, majina ya makabila wakati mwingine. Ukurasa wa wazazi utakuambia damu iliyomo, hautakuambia maneno ya mtafsiri. Hiyo lazima uisikilize kwa masikio yako, hata dakika kumi za katikati. Katikati, mwanzoni wote wana adabu.

Nikupe hadithi yangu. Nilikua Bukavu, na parokia yetu ilikuwa na mashine ya filamu. Jumapili jioni padri alituonyesha za kauboi kwenye shuka jeupe. Mwanamume na mwanamke wakisogeleana, padri alinyoosha kiganja mbele ya mwanga, shuka likawa jeusi, sisi tukapiga miluzi. Kiganja kikishuka, busu limekwisha. Filamu ileile ilikuwa imeua watu ishirini kwa bastola na kiganja cha padri hakikusogea hata mara moja. Miaka mingi nilicheka hadithi hii. Juzi nikajikuta nyumbani kwangu, wajukuu wapo, nimerukia telekomandi kwa sababu watu wawili wamebusiana, na robo saa kabla ya hapo kijiji kizima kilikuwa kimechomwa nikiwa namenya ndizi.

Jiangalie na wewe, mama. Katika mji wetu busu halijamnyima mtoto usingizi. Mlio wa bunduki umemnyima. Sisemi uwaonyeshe mabusu. Nasema mkono wako ukirukia telekomandi, urukie na kwenye risasi.

Hapo ndipo nafika kwa huyo wa banda la video. Kwamba anatafuta bunduki baada ya Januari ile haimaanishi ameharibika. Sakafuni alikuwa mtoto anayesubiri. Kwenye filamu kuna mtu mmoja anayesimama, anajua risasi inatoka wapi, na anashinda. Mvulana wa kumi na minne anataka kuwa huyo mtu, na nani atamlaumu? Vijana wa Léopoldville miaka ya 1950 walitazama kauboi mpaka wakavaa kofia zao na kujiita Bill, wakatunga na lugha yao. Watoto wameiga filamu tangu kabla hatujazaliwa. Ninachokiogopa kwa wako ni kingine. Anazitazama peke yake, na katika mji huu bunduki si ya kofia na mchezo, kuna watu wanaotafuta wavulana wa umri wake wa kuishika.

Kwa hiyo usimfungie mlango tu. Jua banda ni lipi, nenda mchana, salimia mwenyewe, angalia linafunga saa ngapi na nani anakaa humo. Mwenye banda akikujua atamwogopa mwanao kidogo. Kisha mwambie mwana achague filamu moja ya vita kwa wiki, mtazame nyumbani, wewe au papa wake. Usihubiri. Muulize maswali ambayo filamu haiulizi: yule aliyeanguka pale pembeni, ana mama? Kijiji kile kikishaungua, wanalala wapi? Mtu halisi akipigwa pale huinuka baada ya sekunde tano? Yeye anajua majibu kuliko mwandishi wa filamu. Akianza kusimulia aliyoyaona Januari, zima televisheni umsikilize. Ila akiwa anashtuka kwa kila mlango unaogongwa, halali, anapiga wadogo zake, au anaongea kwamba kufa si kitu, hilo limevuka filamu, na mlango wa Tulizo Letu ni wake pia.

Msichana sina wasiwasi mkubwa naye. Kuongea kama wanawake wa tamthilia kutapita, sote tulipitia. Tatizo la tamthilia hizo ni kwamba kofi la wivu linapigwa kama ushahidi wa upendo, na zinaonyeshwa kila siku, na kitu cha kila siku kinakuwa desturi. Kaa nao jioni mbili kwa wiki. Mwanamume akimpiga mkewe kwenye picha, sema kwa sauti, ukiwa unachambua mchele, "huyu mimi nisingelala kwake tena." Kamwambie na mdogo wako aseme vivyo hivyo. Sentensi moja ya shangazi inayosemwa kama mzaha inashinda hotuba.

Umebaki na papa wao. Ni kweli hakufa kwa filamu za karate. Lakini alizitazama mchana, na wenzake, akatoka akapiga mateke hewani mpaka akachoka. Wavulana wako wanazisikia wakiwa chini ya blanketi, gizani, bila picha. Mtoto akisikia yowe bila kuona, anachora picha yake mwenyewe, na anazo za kuchorea. Ukuta wa mbao hauzuii kitu, na sijui nyumba nyingi Ndosho zenye chumba cha kubaki kwa televisheni. Basi mambo mawili. Kwanza, ekuteri, vile vya kuweka masikioni. Televisheni nyingi zina tundu lake, na ikiwa yenu haina, anaweza kuihamishia filamu kwenye simu. Pili, na hili mwambie siku amekula ameshiba, godoro la wavulana lihamie chumbani usiku wa filamu na lirudishwe asubuhi. Asipokubali yote, chagua ekuteri. Usimwambie nimesema mimi. Mwambie mtoto wake alijikojolea chini ya meza kwa sababu ya mlima, na muulize kama anakumbuka alikuwa wapi usiku ule wa tarehe 22 mwezi wa tano, mlima ulipotoka. Naamini naye hajawahi kulisimulia.

La mwisho ni ile katuni. Bado ipo kwenye flashi, nadhani, na mliizima palepale mlima unapowaka. Kichwani mwa mwanao haijaisha, wale wanyama bado wanakimbia. Usimlazimishe kuimaliza. Itazame wewe peke yako kwanza mpaka mwisho. Kama wanafika salama, siku moja mchana, jua likiwa kali, mwambie tu, "mimi nimeona kilichowapata baadaye." Kisha nyamaza. Akiuliza, msimulie kwa mdomo. Akitaka kuona kwa macho, akae mapajani mwako, telekomandi mkononi mwake, sauti chini, na yeye ndiye anayesimamisha na kuendesha. Akisema hataki, ifute, na asikie ukiifuta.

Niandikie, niambie alichagua lipi.

Shangazi